Radio Ndogo Ndani ya Poste ya Jeshi

Haijanitoka kichwani, mwanangu, ile asubuhi ya ukungu hapa Karuba nilipofungua poste, ile radio kubwa ya mawasiliano ya Papa Bauma, mahali aliponikataza kufungua. Lakini kabla sijaanza, kaa chini. Nimemwomba mjomba wako asikupe karatasi hizi kabla hujala wala kabla hujakaa. Kama amekupa ukiwa umesimama mlangoni na mfuko wa shule begani, weka mfuko, kaa, kisha uendelee.

Nakuita mwanangu na najua utacheka. Sina mvi hata moja. Wewe mwenyewe umeniona kanisani, wazee wanaposhika maikrofoni kuwaasa vijana, nikitoka nje kabla hawajamaliza. Nilipokuwa mwanafunzi Goma, nilikuwa yule anayemuuliza mwalimu "kwa nini" mpaka mwalimu anafuta ubao kwa hasira. Ugonjwa huo sijapona. Ila juzi, katika karakana yangu, uliniuliza swali ambalo nimelisubiri kwa miaka kumi na sita, nami nikakujibu vibaya.

Ulikuwa umeiweka poste ya kijani mezani, umekwisha kutoa kibati cha nyuma. Ndani yake ukaona radio ndogo ya transista, haina ganda, imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ukasema, "Papa Eliya, hii radio ndani ya radio inafanyaka nini? Haipate hata stesheni moya! Niikate?" Koleo lilikuwa tayari limeng'ata waya wa kwanza. Nikakunyang'anya, nikasema nina safari ya Mushaki, nikafunga mlango wa karakana mchana kweupe. Sikuwa na safari yoyote. Nilikwenda kukaa nyuma ya zizi la ng'ombe mpaka niliposikia umeondoka.

Samahani, Neema. Hili hapa jibu lako. Ni refu kidogo.

Wewe umeijua poste ile ikiwa imezeeka. Mimi niliijua ikiwa mfalme. Ni mashine ya jeshi ya kupokea mawimbi, chuma kitupu, nzito kama mbuzi. Papa Bauma alikuwa fundi wa mawasiliano jeshini katika ujana wake, na jeshi lilipouza vyombo vyake vya zamani, aliinunua hiyo na kuileta mlimani kwa mabega ya watu wawili. Haikubaki jinsi ilivyotoka kiwandani. Lampe tatu kati ya zile taa zake za kioo za kukuza mawimbi zilikufa, na kwa kuwa mpya hazikupatikana, alichomelea transista ndani ya vikalio vyake. Uzi unaovuta mshale wa stesheni aliubadilisha kwa mshipi wa kuvulia samaki. Kitufe cha sauti kilikuwa kishikio cha kifuniko cha sufuria. Ilikula umeme wa betri ya gari. Na chini ya meza kulikuwa na pedali ya cherehani, ambayo waya wake ulipanda kwa nyuma na kuingia kwenye kile kibati. Watu wote wa Karuba waliiona pedali ile. Kila mtu aliamini kwamba Papa Bauma alikanyaga kuongeza nguvu.

Siku hizo simu zilishika juu ya kilima tu, na kule kwenye machimbo ya Walikale hazikushika kabisa. Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, watu walijaa kwenye mabenchi ya chumba cha fonie, ile simu ya redio. Upande wa pili, Mubi, alikuwepo kijana anaitwa Fidele mwenye mashine yake. Baba aliyekwenda kuchimba mawe alitembea siku nzima mpaka kwa Fidele ili aseme maneno matatu, na huku mke wake ameketi anangoja. Papa Bauma angeweza kusikiliza peke yake kwa vile visikizi vya masikioni kisha awasimulie watu. Alikataa. Alitundika spika kubwa ukutani, akasema mke anatakiwa asikie sauti ya mume wake mwenyewe, hata kikohozi chake. Kwa kusema alitumia mashine nyingine, mpya zaidi. Kwa kusikia, aliiamini ile ya kijani tu.

Likizo ya mwaka wangu wa pili wa masomo, poste ikanyamaza. Mvua zilikuwa nyingi, na unyevu uliingia kila mahali. Papa Bauma akatuma watu waniite. Nilifika na kisanduku changu kipya na bisibisi zangu zinazong'aa. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja muuza jibini, huyo hakukosa siku hata moja ingawa hakuwa na ndugu yeyote Mubi. Aliponiona akasema, "Ah, daktari wa poste njo huyu! Mutoto, iyo ni ngombe ya kijiji muzima. Kamua, usichinje."

Watu wakacheka. Mimi nilikunja uso.

Papa Bauma akaniambia, "Guza lampe, guza waya ya anteni, guza yote unataka. Ila nyuma ya iyo kibati, hapana."

"Kwa nini, Papa?"

"Ju nimekuambia."

Hebu fikiri, mwanangu, mtu kama mimi kuambiwa hivyo. Kama angesema "ina umeme unaoua", labda ningeacha. Alitoka kwenda kununua sabuni, watu nao wakatawanyika, nami kabla hajafika barabarani nilikuwa nimefungua skrubu nne.

Nilikuta ulichokikuta wewe. Nilifuata waya moja moja, nikachora mchoro nyuma ya daftari. Mahali kiwanda kilipoweka kifaa fulani cha kuchuja mawimbi, Papa Bauma alikitoa kizima na kuweka radio ndogo. Mshale wa hiyo radio aliubandika kwa gundi mahali pasipo na stesheni yoyote, kwa hiyo kazi yake maishani ilikuwa moja: kuvuma, shhhh, kama mvua juu ya bati. Pedali ikiwa huru, spika ya ukutani ilitoa sauti ya Mubi. Ukiikanyaga, spika iliachana na Mubi na kushika ule mvumo, na sauti ya Mubi ikaingia kwenye visikizi vya Papa Bauma peke yake.

Nilikanyaga, nikaachia. Nikakanyaga tena. Mara ya tatu nikaacha kushangaa, nikaketi kwenye benchi.

Maana nilikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeketi kwenye benchi lile lile na mama yangu. Baba alikuwa dereva wa lori, na tulikuwa tunangoja atusemeshe kutoka Mubi. Fidele alianza kusema kitu, na papo hapo spika ikajaa mvua. Papa Bauma akatikisa kichwa: "Mawimbi imekufa, Mama. Rudi nyumbani, tutajaribu tena." Tukarudi. Mchana ule ule mjomba wangu akaja na shangazi wawili. Lori lilikuwa limepinduka karibu na Hombo.

Kwa hiyo alijua. Hivyo ndivyo nilivyojisemea pale, bisibisi mkononi. Mama yangu alishuka mlima ule akiimba, na yule mzee alijua. Alitudanganya kwa mashine. Ni nani aliyempa ruhusa ya kuamua mtu ajue nini na saa ngapi? Nilikuwa nimesoma vitabu, nilikuwa na neno "haki" mdomoni kama pipi. Nikakata waya tatu. Nikaunganisha spika moja kwa moja na sauti, nikatia ile radio ndogo mfukoni, nikarudisha kibati na skrubu zake nne. Pedali niliiacha mahali pake, haijafungwa na kitu. Kisha nikakausha lampe, nikasafisha kutu, na poste ikaamka ikisema vizuri kuliko miaka yote.

Papa Bauma aliporudi alinishika mikono yote miwili. Alinishukuru mbele ya watu waliorudi kusikia, nami nikanyamaza. Kosa langu liko hapo, mwanangu, ulishike. Kuuliza hakukuwa kosa. Hata kufungua, nadhani ningefungua tena leo. Lakini nilikuwa na hasira na mtu mzima aliyeketi hatua tatu kutoka kwangu, na badala ya kumwambia usoni, nilimkatia waya wake kimya kimya.

Ikaja Alhamisi. Nilisimama mlangoni, nataka kuona kazi yangu.

Chumba kilijaa. Kati ya waliongoja alikuwepo mama mmoja kijana, amechelewa, amesimama karibu na ukuta kwa sababu mabenchi yamejaa. Kichwani alikuwa na beseni la viazi anavyopeleka sokoni, na mgongoni mtoto wa miezi minane. Nimezunguka sana mpaka kufika hapa, Neema, wacha niseme. Yule mama alikuwa Zawadi, mama yako. Mtoto ulikuwa wewe.

Muuza jibini alimtania, "Mama Neema, leo bwana atakuambia amepata dhahabu, utatusahau."

Mama yako akajibu bila kugeuza shingo, kwa sababu ya beseni, "Atume kwanza sabuni, dhahabu itafuata nyuma!" Watu wakaangua kicheko. Alikuwa mcheshi vile vile kama leo.

Spika ikakwaruza. "Karuba, Karuba, hapa Mubi. Unanipata?"

"Nakupata muzuri, Mubi. Leta."

Kisha Fidele akasema kwa sauti ya chini, "Papa Bauma, weka muguu."

Hakuna aliyejali maneno yale. Mimi peke yangu niliyaelewa, na nilielewa nikiwa nimechelewa. Niliona goti bovu la Papa Bauma likishuka. Alikanyaga. Mvumo haukuja. Alikanyaga tena kwa nguvu, akatupa mkono kwenye kitufe cha sauti, lakini Fidele alikuwa amezoea kuhesabu mpaka tano tu kisha aseme, akiamini kwamba anasikilizwa na mtu mmoja. Naye akasema, wazi, katika chumba kizima, kwa spika niliyoisafisha mimi: "Ni Faustin, bwana ya Zawadi. Udongo imewaangukia jana. Hakutoka."

Beseni lilitangulia, viazi vikamwagika, halafu mama yako akaanguka kinyumenyume. Kinyumenyume, mwanangu, na wewe mgongoni. Muuza jibini, yule mzee wa utani, alijitupa sakafuni akapitisha mikono chini yako kabla hamjafika. Uzito wote wa mama yako ulimwangukia yeye. Kichwa chako kiligusa tu ukingo wa benchi, juu ya nyusi ya kushoto. Waliponiambia baadaye kwamba bila yule mzee usingekuwepo, sikuwa na haja ya kuambiwa, nilikuwa nimeona. Nilikuwa karibu kuliko yeye. Sikusogea.

Ndilo kovu lako. Ulilelewa ukiambiwa kwamba uliangukia benchi ukiwa mchanga. Ni kweli. Kilichobaki katika ukweli huo ni mimi.

Papa Bauma alinitazama juu ya vichwa vya watu, mguu wake bado uko juu ya pedali. Alijua palepale. Akina mama walikuchukua, wakamzunguka mama yako, na chumba kikamwagikia nje.

Mchana aliniita kwake. Nilikwenda nikitegemea fimbo au matusi, na nilikuwa nimejiandalia majibu. Nikamkuta jikoni. Akanivutia kigoda. "Ikala." Akaweka mbele yangu viazi vya kuchemsha na kikombe cha maziwa. "Kula kwanza."

"Papa, mimi..."

"Kula kwanza, mutoto yangu. Hatusemeake muntu ya njaa."

Nilikula. Nilipomaliza, alimwita mke wake aketi upande wangu, karibu, bega kwa bega. Hapo ndipo nilipogundua anachonifanyia. Nilikumbuka siku ya baba yangu upya, safari hii kwa mpangilio wake. Mjomba alifika kwanza, akamwomba mama uji, akamfanya na yeye anywe. Shangazi mmoja akashusha sufuria motoni, mwingine akamchukua mdogo wangu mgongoni. Kisu cha kumenyea kikaondolewa mezani, hivi hivi, kama mtu anayepanga vyombo. Mama akakalishwa kwenye mkeka, mtu kila upande. Ndipo mjomba akasema. Mama alilia mpaka sauti ikaisha, lakini hakuanguka popote, maana hapakuwa na mahali pa kuanguka, kila upande palikuwa na mikono.

Papa Bauma akanieleza. Alipokuwa jeshini, siku moja aliamriwa kufungua spika kambini wakati majina ya waliokufa yanasomwa. Mama mmoja alipita na sufuria ya maji ya moto kichwani. Hakumaliza kunieleza, alijishika tu mkono wake kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. "Nilirudi na ile poste, nikaifanya ijue adabu ya nyumbani," akasema. "Muntu habebewe habari ya kifo akisimama. Habebewe akiwa na mutoto mu mugongo. Na si mimi wa kusema. Ni mujomba wake, ao kaka ya baba yake. Mimi niko muntu wa mashine."

Unanijua. Hata pale, na machozi puani, niliuliza. "Lakini Papa, ni uongo. Ulimwambia mama yangu mawimbi yamekufa."

"Ni uongo," akakubali upesi. "Ni uongo ya saa chache. Ninafunga kazi, ninatembea na iyi goti mpaka kwa mujomba. Jua haijawahi kuzama na habari ya muntu iko ndani ya poste yangu. Ningeificha mpaka kesho, ungekuwa na haki ya kukata. Ungekuja kuniuliza, ningekuonyesha njia yenye napitaka." Akanyoosha mkono. "Iko wapi?"

Nikatoa radio ndogo mfukoni. Ilikuwa imeshika vumbi la mfukoni na makombo ya biskuti. Akanirudishia. "Utairudisha wewe mwenyewe."

Niliirudisha. Niliongeza kitu kimoja changu: ile taa nyekundu ndogo iliyo pembeni ya poste, ambayo uliniuliza mwaka jana ni ya nini. Huwaka pedali ikiwa imeshika kweli, ili anayekanyaga asikanyage tena hewa. Papa Bauma aliitazama akasema, "Njo masomo yako sasa." Sijawahi kupata cheti nilichokipenda zaidi.

Lakini watu aliwaambia kwamba poste ilikuwa imeharibika, hakuwahi kuzima spika, na kosa ni lake. Walisema amezeeka, kwamba hafai tena kushika fonie. Kuna waliokataa salamu yake kwa muda mrefu. Alibeba hayo mpaka mwaka juzi tulipomzika, na mimi nikamwacha abebe. Nilimwomba mara nyingi niseme. Alinijibu neno lile lile: "Siku mutoto atauliza, utamuambia. Umukalishe."

Na wewe umeuliza.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mama yako, mjomba wako akiwepo. Alikuwa anachambua maharage. Nilimweleza yote, hata waya tatu. Alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Njo maana radio yangu unaitengenezaka kila mara bila kunidai kitu. Miaka yote nilizani unatafuta kunioa! Kumbe ni roho inakuuma." Mjomba wako akacheka mpaka akakohoa. Mama yako naye alicheka, halafu akaacha kucheka, akajifuta uso kwa kitenge. Akasema, "Faustin angekuwa amekufa tu, ata ungekata ao usingekata. Ile siku nilitaka tu kuikala." Nilipomwomba msamaha, akasema wake nimepata. Wa uso wako, niuombe kwako.

Basi nauomba, Neema. Usinijibu upesi. Nililifanya kosa hili kwa mikono yangu, na hakuna aliyenituma.

Sasa nasaha yenyewe, nisikuache uichambue mwenyewe. Usiache kuuliza kwa nini. Mtu mzima akikujibu "ju nimekuambia", uliza tena, na tena, mpaka achoke akuambie. Fungua vibati, ukipenda. Lakini ukikuta ndani ya kitu waya ambao hauelewi kazi yake, jua kwamba mtu fulani aliketi akauweka pale, labda baada ya siku mbaya. Mtafute mtu huyo kabla ya kukata. Akiwa amekufa, mtafute aliyekaa naye. Na ukiisha kuelewa, na bado ukaona ni vibaya, kata mbele ya macho yake, mchana, ukisema unachofanya. Kisha leo habari zinaruka kwenye simu, na picha zake. Naona jinsi unavyoshika simu. Ikikufikia habari inayoangusha mtu, kabla hujaituma jiulize mambo madogo: amekaa? amekula? mikononi ana nini? nani yupo karibu naye? Usiifiche. Tembea nayo tu, ifike kabla ya jua kuzama.

Koleo lako liko kwa mjomba, limefungwa pamoja na karatasi hizi. Na ufunguo wa karakana. Poste iko mezani kama ulivyoiacha, kibati wazi. Fonie ya Jumanne na Alhamisi bado ina watu, maana kuna pembe za msitu wa Walikale ambako simu hazijafika, na mimi goti langu nalo limeanza. Nataka uishike wewe. Kuhusu radio ndogo, nimekwisha kukueleza inafanya nini. Kata au acha, ni mkono wako.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na maswali yasiyoisha. Siku habari yako nzito itakapokuja, maana huja kwa kila mtu, ikukute umekaa, umeshiba, na bega la mtu kila upande.